Daraja la Kyaka na Chenji ya Rada

Watu wa Kashai, hapa mjini Bukoba, hawahitaji mtu wa kuwafundisha kwamba jeshi lina kazi yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zilipodondosha mabomu Bukoba, wakazi wengi wa mji walifunga mizigo wakakimbia. Ng'ambo ya mto Kagera, katika zile kilomita za mraba zipatazo 1,800 kati ya Kyaka na Mutukula, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Inakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbia, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Anayeandika juu ya gharama za silaha akiwa na kumbukumbu hiyo nyuma yake hawezi kuzungumza kama mtu ambaye hajawahi kuvamiwa.

Kwa hiyo sibishani na bunduki za mwaka ule. Zilihitajika. Ninachouliza ni nani alizilipia, na nani alitakiwa kusimama na kutoa hesabu. Kagera panafaa kuulizia swali hili, kwa sababu katika mkoa huu mmoja yamekutana mapokeo kadhaa yenye namna zake za kumdai hesabu mwenye silaha: desturi za Bahaya, Uislamu, Ukatoliki, Ulutheri, na siasa ya Mwalimu Nyerere. Nikiyaweka pamoja naona kila moja lilijua kumhoji mtu fulani, awe shujaa, askari, mtawala au tajiri. Mlipaji hakuna aliyemwuliza. Muuzaji na mkopeshaji wameanza kuhojiwa juzijuzi tu, tena kwa makosa yaliyo madogo kuliko kitendo chenyewe.

Tuanze nyumbani. Katika falme za Bahaya, Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara, Karagwe na nyinginezo, palikuwa na utanzu wa majigambo ulioitwa ekyebugo. Shujaa alisimama mbele ya Omukama, mkuki mkononi, akajinadi: yeye ni nani, ametoka ukoo gani, amefanya nini na anaapa kufanya nini. Pamoja na tenzi za nanga, ambazo Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti kwa miaka mingi, majigambo haya ndiyo hazina ya ushujaa wa Kihaya. Wengi huyasoma kwa ajili ya uzuri wa lugha. Mimi huvutwa zaidi na jinsi yanavyomfunga msemaji. Ameahidi kwa jina lake, mbele ya watu wanaomjua, na mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumwuliza kesho yake. Katika ekyebugo hakuna pa kujificha nyuma ya kamati.

Lakini angalia ni nani hayumo katika duara lile. Mkulima wa mgomba hayumo. Omukama aliweza kumpa mtu wake wa karibu eneo la nyarubanja, na wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi ile wakajikuta ni wapangaji wanaomlipa bwana mpya. Mfumo huo ulipata nguvu zaidi chini ya wakoloni, ukadumu hadi Uhuru, na ilibidi ipitishwe sheria mwaka 1965 ili kuwakomboa wapangaji hao. Yule aliyeapa alipata heshima. Aliyepata nyarubanja alipata kodi. Aliyelima hakuapa wala hakuulizwa, na bado alilipa. Uzuri wa nanga usitusahaulishe hilo.

Ndiyo maana hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 naisikia kama ekyebugo kilichogeuzwa. Safari hii mtawala ndiye aliyesimama mbele ya umma na kuapa. Kila Mtanzania wa rika la kati anayakumbuka yale mambo matatu: uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo, nia ipo. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeona magari ya wakimbizi. Nia ilionekana: jeshi la watu wapatao 40,000 lilivimba, pamoja na mgambo, hadi kupita 150,000, na wananchi nchi nzima wakachanga ng'ombe, mazao na fedha. Uwezo ndio uliotangazwa bila kufafanuliwa. Vita ile, iliyoiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na kumalizika mwanzoni mwa Juni, inakadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500. Nchi iliyotoka kushuhudia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977, ambayo bei ya kahawa yake ilikuwa inashuka na bei ya mafuta inapanda kwa mara ya pili, haikuwa na fedha hizo. Ilizitoa katika akiba, na akiba ilipokwisha ikazitoa katika maisha ya watu.

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wenye umri wa kutosha wanajua kwamba miezi hiyo ilizidi sana. Sabuni ilipotea, watu wakafulia majani ya mpapai. Duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, likawa mahali pa foleni na majina yaliyoandikwa kwenye daftari. Katika mkoa huu, ambao baada ya vita ulibadilishwa jina kutoka Ziwa Magharibi ukawa Kagera, watu waligeukia mpaka uleule uliopiganiwa, wakapitisha kahawa kwa magendo kwenda Uganda na kurudi na nguo. Kitambaa kimoja kilichoingia kwa njia hiyo kiliitwa Juliana, na muda si mrefu jina hilo likawa jina la ugonjwa. Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba, waliandikishwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini. Siwezi kusema vita ndiyo iliyoleta virusi, na sitaki kusema. Ila mtu anayejumlisha gharama za ile vita akaishia kwenye bei ya risasi na mafuta ya vifaru, akaacha umaskini, msongamano wa mpakani na biashara ya usiku iliyofuata, amejumlisha kwa ajili ya ofisi na si kwa ajili ya Muleba.

Desemba 1979 Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu. Yeye aliona nchi haina njia isipokuwa kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu alikataa. Siku ya mwaka mpya wa 1980, akizungumza na mabalozi, alihoji hadharani ni lini shirika lile lilifanywa wizara ya fedha ya dunia. Ninawaheshimu wote wawili. Mtei alijua hesabu za benki, na alikuwa na ujasiri wa kuondoka badala ya kusaini asichoamini. Nyerere alijua kwamba masharti yale, kushusha thamani ya shilingi na kupunguza matumizi ya serikali, yangemfikia kwanza mtu ambaye hakuanzisha vita wala kupandisha bei ya mafuta. Hakuna aliyetufidia. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Monrovia, Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan alitushutumu kwa kuvuka mpaka. Uganda ilikuwa maskini kuliko sisi. Na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulisaini na Shirika la Fedha. Ada na michango ya huduma za jamii ilirudi. Kwa maneno mengine, sehemu ya vita ya kumng'oa Amin ililipiwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, miaka kumi na zaidi baada ya ushindi.

Turudi kwenye yale mapokeo. Uislamu uliingia Buhaya kwa njia ya wafanyabiashara wa Pwani waliopiga kambi Karagwe katika karne ya 19, na Kashai ya leo ina waumini wake wengi. Hauanzii kwenye kiapo. Unaanzia kwenye mipaka ya kitendo. Abubakar, Khalifa wa kwanza, alipolituma jeshi Sham alimwusia kamanda wake, Yazid bin Abi Sufyan, mambo kumi. Asiue mwanamke, mtoto wala mzee. Asikate mti wa matunda, asiharibu makazi, asichinje kondoo wala ngamia ila kwa chakula. Nenda na orodha hiyo ukingoni mwa mto Kagera mwaka 1978, na jeshi la Amin, ambaye alijitangaza kuwa mtetezi wa Waislamu, limevunja karibu kila kipengele: raia, mifugo, kiwanda cha sukari, na kanisa la Kyaka lililobaki gofu.

Orodha hiyohiyo inatuhukumu na sisi. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na majeshi yetu, walieleza jinsi Mutukula ilivyosawazishwa na ardhi Januari 1979 na raia walioachwa nyuma wakauawa kwa kisasi. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaamuru raia na mali zao waheshimiwe. Hata hivyo mwezi uliofuata sehemu kubwa ya mji wa Masaka ilibomolewa. Tunaimba ushindi, na tuna haki. Tunapaswa pia kuwataja waliokufa Mutukula, maana hawakuwa Amin. Amri ya Mwalimu ilitoka katika dhamiri ileile iliyomfanya Abubakar aorodheshe miti ya matunda: kwamba mwenye sababu njema bado ana mambo asiyoruhusiwa kuyafanya.

Ila mipaka ya vitani haitoshi, na Waislamu wenyewe wanalijua hilo. Kisa kinachosimuliwa sana misikitini ni cha Khalifa Umar, aliyesimama kuhutubia akiwa na vazi refu kuliko kipande cha nguo kilichogawiwa kila mtu kutoka katika ngawira. Mtu mmoja akainuka kusema hawatamsikiliza mpaka aeleze alikopata ziada. Mwanawe Abdullah akasimama kueleza kwamba alimpa baba yake fungu lake. Ndipo wakakubali kusikiliza. Hapa swali limehama kutoka uwanja wa vita kwenda kwenye mgao wa mali, na aliyeuliza ni raia wa kawaida, waziwazi, huku kiongozi akisubiri jibu likubaliwe. Sijui mapokeo mengine yanayomweka mkuu wa majeshi karibu namna hiyo na mtu aliyevaa kipande kimoja.

Kwa upande wa Wakatoliki, mkoa huu una mtu wa kutajwa. Laurean Rugambwa alizaliwa mwaka 1912 upande wa Kamachumu, katika Muleba ya leo, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, na alikaa katika vikao vya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso ule, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulilaani mashindano ya silaha kama mtego unaowaumiza maskini kupita kiasi. Miaka miwili baadaye Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, alipendekeza mfuko wa dunia utakaochotwa kutoka fedha za silaha ili kuwasaidia wenye dhiki. Alikuwa ameutaja kwanza Bombay mwaka 1964.

Namna hii ya kufikiri, ya kuuliza bei ya silaha ingenunua nini kingine, ilikwisha kutumiwa na mtu asiyetarajiwa. Aprili 1953, Rais Eisenhower wa Marekani, jenerali aliyeongoza uvamizi wa Ulaya, alipanga mbele ya wahariri wa magazeti hesabu ya ndege moja ya mabomu na shule ambazo zingejengwa kwa gharama hiyo. Ni hesabu yenye nguvu. Mtoto wa darasa la tano anaielewa. Tatizo langu nayo ni kwamba haimfungi anayeitoa. Katika miaka minane ya Eisenhower silaha za nyuklia za Marekani ziliongezeka kutoka kama 1,000 hadi zaidi ya 15,000. Mfuko wa Paulo VI haukuundwa. Mtu anaweza kuilia shule iliyokosekana, akasaini ununuzi wa ndege, na asione ukinzani wowote, kwa sababu hesabu ya badala haina mahali pa kuandika jina la aliyechagua. Ekyebugo kinamzidi Eisenhower katika jambo hilo moja: kina jina.

Mapokeo yaliyofika karibu zaidi na kile ninachokitafuta, kwa maoni yangu, yalikuwa na ofisi yake hapahapa Bukoba. Josiah Kibira, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT tangu 1964, alichaguliwa mwaka 1977 mjini Dar es Salaam kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano uliomchagua ndio uliosema kwamba kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini hakuna Mlutheri anayeweza kukaa katikati. Kuukubali mfumo ule kulihesabiwa ni kuivunja imani yenyewe. Na neno hilo halikubaki karatasini. Mwaka 1984, mkutano wa Budapest ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika.

Mwaka mmoja na kitu baada ya kuchaguliwa, Kibira aliona mabomu yakianguka katika dayosisi yake. Hebu tuuchukue msimamo wa Dar es Salaam tuupeleke kwenye silaha zilizokutana Kagera. Vifaru na ndege za MiG za Amin zilitoka Umoja wa Kisovieti. Makombora yetu ya BM-21, ambayo Waganda waliyaita saba saba, yalibuniwa Umoja wa Kisovieti uleule. Waingereza walimpokea Amin kwa furaha alipopindua nchi mwaka 1971. Waisraeli walilifundisha jeshi lake hadi alipowafukuza mwaka 1972. Libya ilimtumia askari na ndege, na moja ya ndege hizo ilikuja Machi 1979 kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia wanyama wa kisiwa cha Saanane. Hakuna hata mmoja wa wakubwa hao aliyeitwa popote kujibu kwa nini alimpa Amin alichompa. Walikaa katikati. Walipokea malipo au ushawishi, na vita ilipokwisha walirudi wakiwa wafadhili na wakopeshaji. Kanuni ya Kilutheri ya 1977 ingewaambia kwamba kukaa katikati ndilo kosa lenyewe. Haikuwahi kuelekezwa kwao kwa nguvu iliyoelekezwa kwa Pretoria, na nadhani sababu ni rahisi: makanisa ya Pretoria yangeweza kufukuzwa, Moscow na London zisingeweza.

Mara moja tu nimewahi kuona muuzaji wa silaha na mitambo ya ulinzi akifikishwa mahakamani kwa jambo linalotuhusu. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa madeni ya takriban dola bilioni 3. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukajaza madarasa watoto ambao wengi walikaa chini. Wakati huohuo serikali ilikuwa inanunua rada kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Benki ya Dunia iliomba ushauri wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na jibu likawa kwamba mtambo ule ni ghali kupita kiasi na haufai ipasavyo kwa ndege za abiria. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga. Waziri Mkuu Tony Blair aliruhusu.

Desemba 2010 kesi ilifika katika mahakama ya Southwark, London. BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Zilihusu malipo ya dola milioni 12 hivi kwa wakala aliyefanikisha mauzo hayo. Haikushtakiwa kwa rushwa. Jaji Bean alisema kwamba kuamini wakala yule alilipwa kwa kazi ya ushawishi tu ni kujidanganya kabisa, kisha akatoza faini ya pauni 500,000, maana shitaka lililoletwa mbele yake lilikuwa hilo. Pauni milioni 29.5 zilizobaki katika makubaliano zilitakiwa kuja Tanzania. Zilichelewa mpaka wabunge wetu wakaenda London kuzidai, na mwaka 2012 zikafika, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi wakaziita chenji ya rada.

Nimeyaangalia madawati ya aina ile kwa karibu: mbao mbili, chuma kilichochomelewa, watoto watatu kwenye benchi la wawili. Ni kitu kizuri kuwa nacho. Lakini mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 akiwa amekaa sakafuni alikuwa ameshamaliza la saba zaidi ya miaka mitatu kabla dawati hilo halijafika. Na neno chenji limekaa vibaya moyoni mwangu tangu nilipolisikia, kwa sababu anayerudishiwa chenji amekubali bei.

Linganisha sasa. Shujaa wa Kihaya angeulizwa kama alitimiza alichoapa. Askari wa Abubakar angeulizwa alimgusa nani. Umar aliulizwa alichovaa. Rugambwa na maaskofu wenzake wa Mtaguso wangeuliza ni maskini gani aliyenyang'anywa, na mkutano uliomchagua Kibira ungeuliza ulisimama upande gani. Mahakama ya London iliuliza kama daftari liliandikwa vizuri. Naona hilo ndilo tuliloliridhia kimataifa: maswali yote mazito ya mapokeo yetu yamekunjwa mpaka yakatosha ndani ya daftari la mhasibu, na daftari likisahihishwa, jambo limekwisha.

Sisi wenyewe tuna mapokeo mengine, machanga, ya kuwajibika kwa kuachia ngazi. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa polisi Shinyanga na Mwanza, ingawa yeye hakuwagusa. Mpaka leo mtu akisema kiongozi awajibike, mfano wa kwanza ni huo. Sioni haya kusema kwamba katika jambo hili Dodoma na London wana cha kujifunza kutoka kwa tendo la Mzanzibari yule mpole. Mtei aliondoka kwa kanuni tofauti lakini kwa uzito uleule. Clare Short alibaki kazini baada ya rada. Alikuja kuondoka mwaka 2003, kwa ajili ya Iraki.

Mwaka 2025 suala hili lilirudi Kagera bila kubisha hodi. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo. Ulikuwa mlipuko wa pili mkoani. Ule wa 2023, katika wilaya ya Bukoba Vijijini, uliua watu sita. Siku hiyohiyo, Washington, Donald Trump aliapishwa, akasaini amri ya kuitoa Marekani katika Shirika la Afya Duniani na nyingine ya kusimamisha misaada ya nje. Katika mkoa ambako dawa za kupunguza makali ya VVU zimelipiwa kwa miaka mingi na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kila kliniki ilianza kuhesabu chupa zilizobaki. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umeua watu kumi.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Februari 25, Waziri Mkuu wa Uingereza Keir Starmer alilieleza bunge lake jinsi nchi yake itakavyoongeza matumizi ya ulinzi hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa: misaada ya nje itapunguzwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027. Kwa mujibu wa taasisi ya SIPRI ya Stockholm, dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi mwaka 2024. Mwaka 2025, The Hague, nchi za NATO zilikubaliana kupanda hadi asilimia 5 ifikapo 2035. Sina sababu ya kuamini kwamba Ulaya inaogopa kivuli. Nimetoka mahali palipovamiwa na jirani, na ninawaelewa watu wa Ukraine kwa namna ambayo wachumi wengi hawawezi. Hata hivyo mpango wa Starmer ulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakulifanya mwaka 1978. Mwalimu aliwafunga mkanda watu wake mwenyewe, waliomsikia akiapa, na kwa miaka mingi walimlaumu usoni. Mkanda wa London ulifungwa kiunoni kwa watu ambao hawapigi kura London.

Siku tatu baadaye Anneliese Dodds, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alijiuzulu. Katika barua yake hakupinga jeshi kuongezewa fedha. Aliliunga mkono. Alichokikataa ni chanzo cha fedha hizo, akaandika kwamba upunguzaji ule utawaondolea chakula na matibabu watu walio katika hali ngumu kabisa. Starmer alimjibu kwa kumshukuru, akamteua mwingine, na asilimia zikabaki palepale.